China haijakiacha Kiingereza, imekwama kwenye "get"

Habari ndogo ya elimu ikitoka China, huku kwetu hufika ikiwa imevimba. Septemba 2023 Chuo Kikuu cha Xi'an Jiaotong kilitangaza kwamba mwanafunzi wa shahada ya kwanza hatalazimika tena kufaulu mtihani wa taifa wa Kiingereza wa vyuo ili ahitimu. Miaka miwili kabla yake, Agosti 2021, Shanghai ilikuwa imekiondoa Kiingereza katika mitihani ya mwisho wa muhula ya shule za msingi na kubakiza Kichina na hisabati peke yake. Kwenye magrupu ya WhatsApp na katika mabishano yetu yasiyokwisha kuhusu lugha ya kufundishia, habari hizo mbili zimeunganishwa zikawa sentensi moja: China imeachana na Kiingereza. Anayeitamka kwa furaha huiona kuwa ushahidi kwamba taifa lililojitosheleza halina haja na lugha ya Waingereza. Anayeitamka kwa hofu huona nchi inayojifungia ndani. Wote wawili wameisoma habari kinyume.

China haijakiacha Kiingereza, wala haina dalili ya kukiacha. Inachobishania ni vipindi na alama, mambo yanayohesabika na kuandikika kwenye waraka, huku tatizo lenyewe likibaki palepale: aina ya Kiingereza ambayo mitihani yake imekuwa ikiitunuku kwa miongo minne. Tatizo hilo hulioni ukitazama maneno magumu, maana maneno magumu mwanafunzi wa Kichina anayo tele. Utaliona kwenye kitenzi kidogo, "get", ambacho mtoto wa Kiingereza hukitumia kutwa nzima kabla hajajua kusoma, na ambacho kijana wa Wuhan aliyekariri maelfu ya maneno hukikwepa mara tu anaposhika kalamu ya mtihani. Anayetaka kujua kama mageuzi ya huko yanafika popote asihesabu vipindi. Afuatilie kitenzi hicho.

Nianze na takwimu, kwa sababu ndizo zinazopotoshwa zaidi. Mtihani wa kuingia chuo kikuu, gaokao, ulirudishwa mwaka 1977 baada ya kusimamishwa wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni. Lugha ya kigeni haikupewa uzito wake wote kwa mkupuo. Alama zake zilihesabiwa kidogo kidogo mwaka hadi mwaka, mpaka zikaanza kuhesabiwa kamili mwaka 1983. Leo Kiingereza kina alama 150 katika gaokao, sawasawa na Kichina na hisabati, na mwaka 2024 waliojiandikisha kufanya mtihani huo walikuwa milioni 13.42. Mwaka 2001, ule ule ambao China iliingia Shirika la Biashara Duniani, wizara ya elimu iliagiza Kiingereza kianze kufundishwa darasa la tatu. Mpango wa mtaala uliotolewa mwaka 2022 kwa elimu ya lazima unaipa lugha ya kigeni asilimia 6 hadi 8 ya vipindi. Kichina kina asilimia 20 hadi 22, hisabati 13 hadi 15, na elimu ya viungo, iliyowahi kudharauliwa, sasa iko juu ya Kiingereza, ikiwa na asilimia 10 hadi 11. Kwa hiyo ni kweli kimepunguziwa nafasi. Lakini Shanghai iliondoa mtihani na somo likabaki, na Xi'an Jiaotong ilikata uhusiano kati ya cheti cha Kiingereza na shahada bila kufuta madarasa. Kingine ambacho wanaoshangilia huku kwetu hukisahau ni kwamba hesabu, fizikia na historia China hazikuwa zikifundishwa kwa Kiingereza. Kiingereza huko ni somo. Kwa hiyo kupunguzwa kwake hakuna linalotuambia kuhusu lugha ya kufundishia, si kwa upande wa wanaotetea Kiswahili wala wa wanaokipinga, na nasema hivyo nikiwa miongoni mwa wanaokitetea.

Sasa kitenzi chenyewe. "Get" kililetwa Uingereza na watu wa Skandinavia waliovamia kisiwa hicho, kisha wakalowea, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Tangu hapo kimekuwa kikijitwalia kazi za wenzake. Mwanafunzi wa Kichina akikitafuta kwenye orodha ya msamiati, maana ya kwanza anayoikuta ni dedao, yaani kupata au kujipatia, na mara nyingi ndiyo inayobaki kichwani. Akitoka nje ya orodha anakutana na vurugu. "I got your letter" kwa Kichina ni shoudao, kupokea. "Where did you get those shoes?" ni mai, kununua. "Get me some water" ni na, kuchukua au kuleta. "We got there at six" ni dao, kufika. "I don't get it" ni dong, kuelewa. Vitenzi vitano vya Kichina vinavyojulikana na kila mtoto, na hakuna hata kimoja kati yake kinachomkumbusha mwanafunzi neno alilokariri. Msomaji wa Kiswahili ana nafuu kidogo, kwa kuwa "pata" yetu nayo imetawanyika: tunapata barua, tunapata ajali, tunapata nafuu, na kisu kikiwa kikali tunasema kinapata. Hata hivyo "pata" haifiki wala haielewi, na ndiyo sababu hata sisi hujikwaa kwenye baadhi ya sentensi hizo.

Hayo bado ni maji ya magotini. Kina kinaanzia pale "get" inapoacha kuhusu kitu chochote na kuanza kuhusu kubadilika kwa hali. Mwingereza anaona jua linazama anasema "It's getting dark." Mchina anasema "tian hei le." Ukiichambua sentensi hiyo utakuta anga, weusi, na kile kijisilabi le kinachoarifu kwamba hali iliyokuwapo sasa ni nyingine. Kitenzi cha kugeuka hakimo. Kazi yote ya kugeuka imebebwa na le. Mwanafunzi akiipeleka sentensi hiyo kwenye Kiingereza neno kwa neno, le inaangukia njiani na kinachobaki ni "The sky is black," sentensi isiyo na kosa la sarufi na isiyosema alichokusudia. Au anakumbuka kwamba alifundishwa "become", anaandika "The sky became dark", na inasikika kama mwanzo wa hadithi ya majini. Sisi tungeielewa hali yake upesi, kwa sababu kiambishi chetu -me- hufanya kazi iliyo jirani sana na ile ya le. Tunasema amekasirika, ameshiba, kumekucha, na mabadiliko yamo ndani ya -me- bila kuhitaji neno la ziada. Mwalimu anayejua hivyo angemwambia mwanafunzi wa Kichina jambo moja la kushika: kila unapotaka kuweka le baada ya neno la hali, jiulize kama Mwingereza hangeweka "get" mbele yake. Njaa, uchovu, giza, ugonjwa, hasira. Kanuni hiyo haifiki kila mahali, ila inafika mbali kuliko dedao.

Kuna mlango wa tatu, nao umeachwa wazi bila mwalimu kuupita. "He got fired." "She got caught." "The dog got hit by a car." Muundo huu wa kutendwa Kiingereza huutumia zaidi kwa mabaya, japo si kwa mabaya peke yake, kwani mtu hulipwa mshahara na kupandishwa cheo kwa "get" hiyo hiyo. Kichina kina bei, alama ya kutendwa ambayo tangu zamani imeelemea kwenye mikasa: kuibiwa, kupigwa, kudanganywa, kufukuzwa. Hapa Mchina anaijua ladha ya sentensi kabla ya kufundishwa. Lakini vitabu humfundisha kutendwa kwa "be" tu, kwa kanuni zinazofanana na za hesabu, na ule mlango ambao angeingia bila kubisha hodi haonyeshwi. Kwa upande mwingine, pale anapohitaji msaada kweli, anaachwa peke yake. Kichina kina rang, neno linalobeba kuruhusu, kusababisha na kumfanya mtu atende. Kiingereza kimezigawa kazi hizo kati ya "let", "make" na "get", na kila kimoja kina madai yake. "Make him go" haitaki "to", "get him to go" inaitaka. Matokeo yake ni sentensi ambayo kila aliyewahi kusahihisha kazi za wanafunzi wa Kichina ameikuta, "The film let me very sad." Kiswahili tungemaliza jambo hilo kwa kiambishi kimoja, ilinihuzunisha, tukaendelea na safari.

Kwa nini basi mwanafunzi mwenye bidii kiasi hicho hakijui kitenzi anachokutana nacho kila ukurasa? Jibu liko katika namna anavyotayarishwa kwa ajili ya mtihani. Wachina wenyewe wana utani maarufu kuhusu vitabu vya msamiati: vinapangwa kwa alfabeti, na neno la kwanza lenye uzito ni "abandon". Kila Septemba kijana anaapa kukariri maneno 3,500 yanayosemekana kutosha kwa gaokao, anaanza na "abandon", anachoka, anaacha, na neno lililobaki kichwani ni hilo la kuacha. Utani huo una ukweli ndani yake. Orodha humtendea haki "abandon", kwa sababu maana yake inaenea kwenye mstari mmoja. Humdhulumu "get", kwa sababu maana yake haimo ndani ya neno bali katika yale yanayolizunguka. Waandishi wa kamusi waliligundua hilo zamani. Timu ya John Sinclair pale Birmingham, iliyotoa kamusi ya Cobuild mwaka 1987 kutokana na mkusanyo mkubwa wa matini halisi kwenye kompyuta, ilionyesha kwamba vitenzi vinavyotumika sana kuliko vyote ndivyo vilivyobaki na maana yake wenyewe kidogo kuliko vyote. Kukariri kitenzi kama hicho kikiwa peke yake ni sawa na kujifunza bao kwa kutazama kete moja.

Orodha ingeweza kusamehewa kama mtihani ungeisahihisha. Unafanya kinyume. Katika insha ya gaokao kuna kijana mmoja ambaye kila Mchina aliyemaliza sekondari anamjua, Li Hua, mtu wa kubuni anayeandika barua kwa rafiki wa kigeni kumwalika kwenye tamasha, kumpa ushauri au kumwomba radhi. Barua zenyewe ni fupi, za maneno takriban 80 hadi 100, na zinaandikwa kwa rafiki. Lakini kwa miaka mingi mwongozo wa usahihishaji umekuwa ukiahidi kundi la juu la alama kwa anayejitahidi kutumia miundo tata na "msamiati wa ngazi ya juu", hata kusamehe makosa machache yaliyotokana na juhudi hiyo. Walimu si wajinga. Wakiona ahadi kama hiyo wanaifuata. Ndiyo maana madarasa ya maandalizi yana jedwali la kubadilisha: palipo na "get" weka "obtain" au "acquire", palipo na "think" weka "hold the view that", palipo na "very" weka kitu kirefu zaidi. Li Hua, mvulana wa miaka kumi na saba, anamwandikia Peter kwamba atafurahi sana iwapo Peter ataweza kujipatia fursa ya kushiriki. Hakuna rafiki aliyewahi kuandika hivyo kwa lugha yoyote. Kwa haki ya Wachina niseme kwamba chuki hii dhidi ya "get" hawakuibuni wao. Walimu wa Uingereza walikuwa wakiikata kwa wino mwekundu kwenye daftari za watoto wao wenyewe, wakiiita neno la mvivu. Tofauti ni kwamba yule mtoto wa Uingereza akitoka darasani aliikuta nje ikimsubiri.

Ajabu ni kwamba vijana wa China wameipenda "get" kwa njia yao. Kwenye mitandao yao miaka zaidi ya kumi sasa wanaandika "get dao le", wakichomeka kitenzi cha Kiingereza ndani ya sarufi ya Kichina na kukivisha viambata vya Kichina, kwa maana ya nimekuelewa, nimeipata, nimeona uzuri wake. Mtu asiyeona uzuri wa msanii fulani anasema "get bu dao", yaani hainiingii. Aliyejifunza kupika ugali wa mahindi leo anatangaza kwamba ujuzi mpya ameu-get. Hakuna aliyewalazimisha, na halikuwa swali la mtihani. Walikichukua kitenzi kwa sababu kilisema kitu walichotaka kusema kwa mkato, na wamekitia kwenye muundo wa kitenzi na tokeo lake ambao ni wa Kichina kabisa. Nchi inayosemekana inaitupa lugha ya kigeni inakitumia kitenzi chake kidogo kuliko vyote kwenye soga za usiku, na asubuhi inakifuta kwenye insha.

Wanaotaka Kiingereza kipunguzwe wana hoja, na moja kati ya hizo ni nzito. Machi 2021, katika kikao cha Baraza la Mashauriano ya Kisiasa, chombo cha taifa cha kuishauri serikali, mjumbe Xu Jin alipendekeza Kiingereza kisiwe tena somo la msingi lenye hadhi sawa na Kichina na hisabati, akidai kwamba kinakula asilimia 10 ya muda wa darasani huku kikiwafaa wahitimu wasiofika asilimia 10. Nyuma ya hoja hiyo kuna swali la haki. Mtoto wa Shanghai alikuwa na mwalimu wa tuisheni, safari za nje na katuni za Kiingereza. Mtoto wa kijijini Gansu ana kitabu cha kiada na mwalimu aliyejifunza kwa kitabu hicho hicho. Alama 150 zinapotegemea mkoba wa mzazi, kuzipunguza ni kitendo cha haki, na sina ubishi na hilo. Julai 2021 serikali ililivamia tatizo kwa upande wa tuisheni, ikapiga marufuku kampuni kujipatia faida kwa kufundisha masomo ya shule. New Oriental, iliyoanzishwa na Yu Minhong mwaka 1993 na kukua kwa Kiingereza, iliwaachisha kazi watu 60,000 mwaka huo, kwa maelezo ya Yu mwenyewe. Lakini kuua soko la tuisheni hakukubadilisha kilichokuwa kikiuzwa humo. Jedwali la "obtain" badala ya "get" bado linafundishwa, sasa darasani bila malipo.

Hoja ya pili ni ya mashine. Xu Jin mwenyewe aliitumia, na tangu hapo akili mnemba imeipa nguvu: simu inatafsiri, kwa nini mtoto ateseke? Wanaojibu kwamba mashine haiwezi kukitafsiri kitenzi kama "get" wamechelewa. Inaweza, na kwa sentensi za kawaida inaweza vizuri. Ninachokiona ni kwamba hoja hii inawageukia wanaoitoa. Kazi ambayo mashine inaifanya bila shida ni ile hasa ambayo mtihani umeitumia miaka arobaini kumfundisha mtoto, yaani kubadilisha neno kwa neno zito zaidi na kunyoosha sarufi. Kama kuna sehemu ya kukatwa, ni hiyo. Kinachobaki baada ya kukata ni kule kumsikia mtu akisema "I'll get it" simu inapolia na kujua kwamba anainuka kuipokea, au "get over it" na kujua kwamba umekaripiwa. Mazungumzo ya ana kwa ana hayasubiri simu ifikirie.

Upande mwingine, watetezi wa Kiingereza cha mtihani nao wana neno. Wanasema mhandisi wa Shenzhen hahitaji soga za Waingereza. Anahitaji kusoma makala za kisayansi na kuandika ripoti, na humo "obtain" ndilo neno linalofaa. Hili nalikubali bila kusita. Anayeandika kuhusu matokeo ya maabara aandike "obtained" na asijilaumu. Lakini basi mtihani uwe wa kusoma na kuandika sayansi, usiwe wa barua ya Li Hua kwa Peter. Huwezi kumpa mtoto kazi ya kumwandikia rafiki kisha ukampa alama kwa kumwandikia kama karani wa mahakama. Kinachompata mwanafunzi huyo si udhaifu wa msamiati. Hajifunzi kamwe kwamba maneno yana mahali pake, na hilo ndilo atakalolihitaji hata maabara.

Hoja dhaifu kuliko zote, ambayo bado inarudiwa na watu wenye shahada, ni ile inayotupa lawama kwenye lugha ya Kichina. Inasema Mchina hawezi kukimudu kitenzi kama "get" kwa sababu lugha yake kila neno lina maana yake moja iliyotulia na haina vitenzi vyepesi vinavyoazimwa na kila mtu. Anayesema hivyo hajamsikiliza Mchina akipiga simu. Kitenzi da maana yake kupiga, na orodha ya kazi zake inamfanya Mswahili acheke kwa kujitambua: da dianhua ni kupiga simu, da zhen ni kupiga sindano, da penti ni kupiga chafya, da haqian ni kupiga miayo. Lugha mbili zisizo na undugu wowote zimechukua kitenzi cha kugonga zikakipa mizigo ileile. Na kuna ushahidi ulio karibu zaidi. Lile de la mwanzo wa dedao, neno la Kichina la kupata, limepita njia inayofanana sana na ya "get". Likisomwa dei ni lazima: "wo dei zou", ambayo kwa Kiingereza ni "I've got to go", kupata na kulazimika vikiwa ndani ya neno moja kwa lugha zote mbili. Likikaa katikati ya vitenzi viwili linakuwa uwezo: "ting de dong" ni kusikia na kuweza kuelewa. Hata "pata" yetu imelinusa eneo hilo, tunaposema sijapata kumwona au hapati kulala. Mchina hana upungufu wa "get". Anayo yake, alizaliwa nayo, na hakuna mwalimu aliyemwonyesha kwamba hizo mbili ni ndugu wa tabia.

Utafiti nao unaelekeza huko. Mwaka 1985 Dagut na Laufer walieleza kwamba wazungumzaji wa Kiebrania hukwepa vitenzi vya Kiingereza vya maneno mawili, vya aina ya "get up" na "give in", na wakataja kukosekana kwa muundo huo katika Kiebrania kuwa chanzo. Mwaka 2004 Yan Liao na Yoshinori Fukuya waliwachunguza Wachina. Wa kiwango cha kati walivikwepa, kama ilivyotarajiwa. Wa kiwango cha juu walikaribiana na wazungumzaji wazawa. Lugha ya mama ilikuwa ileile kwa makundi yote mawili, na Kichina hakikosi kabisa kitu cha kufanana navyo, maana kina qilai kwa ajili ya kuinuka na xialai kwa ajili ya kushuka, vikishikamana na kitenzi kwa nyuma. Kama lugha ya mama ingekuwa ndiyo kizuizi, wale wa kiwango cha juu wasingevuka.

Kutokana na hayo, mabadiliko ya vipindi yatakuwa na matokeo ambayo walioyapendekeza hawakuyakusudia. Saa zikipungua huku mtihani ukibaki ulivyo, mwalimu atakata kwanza yale yasiyolipa alama: kusikiliza hadithi, kuzungumza ovyo, kusoma kitu chepesi kwa raha. Hayo ndiyo mahali pekee ambapo kitenzi kama "get" hujifunzika, kwa kurudiwa mara nyingi katika sura tofauti. Jedwali litabaki, kwa kuwa jedwali halihitaji muda. Kiingereza kitapungua kwa wingi na kuharibika zaidi kwa namna, na miaka kumi baadaye mjumbe mwingine atasimama Machi kusema kwamba hakiwafai wahitimu, naye atakuwa na haki kuliko Xu Jin.

Aliyeonyesha njia nyingine hakuwa mtunga sera. Juni 2022 New Oriental, ikiwa imebaki na walimu wasio na wanafunzi, ilikuwa imewageuza baadhi yao kuwa wauzaji wa vyakula mubashara mtandaoni. Mmoja wao, Dong Yuhui, mtoto wa wakulima kutoka Shaanxi, akawa maarufu nchi nzima kwa kuuza nyama na mchele huku akifundisha Kiingereza cha kile kilichoko mezani, akichanganya na mashairi na kumbukumbu za shamba. Mamilioni walimtazama bila kulazimishwa na yeyote. Walikuwa wamemaliza gaokao zamani, na wengi wao huenda waliapa kutokigusa tena Kiingereza.

Ukiniuliza badiliko gani ningelitafuta kabla ya kuamini kwamba China imegeuza mwelekeo, sitataja waraka wa vipindi. Ningetaka kuiona ile ahadi ya "msamiati wa ngazi ya juu" ikiondolewa kwenye mwongozo wa usahihishaji na mahali pake kuandikwa kwamba neno lipewe alama kwa kufaa mahali lilipowekwa. Haihitaji walimu wapya, wala vitabu vipya, wala saa hata moja ya ziada. Na atakayenufaika wa kwanza ni yule mtoto wa Gansu, kwa sababu "obtain" na wenzake ndiyo bidhaa ambayo tuisheni ya mjini ilikuwa ikiiuza ghali, wakati "get" imo tayari kwenye kitabu chake cha kiada.